SOMO: Fidia ya ugonjwa wa mapafu uliotokana na asbesto, kwa waliofanya kazi melini, gereji na viwandani Mwanza

Wakuu, swali la "mzee wangu alifanya kazi bandarini, sasa kifua kinambana, atalipwa?" nimelijibu kwenye simu, kwenye daladala ya Igoma, hata msibani. Naliandika hapa mara moja. Mimi si mwanasheria. Nilimfuatilia kaka yangu mkubwa, fundi wa boila na injini za meli, tangu alipoambiwa mwaka 2019 ana asbestosi (makovu kwenye mapafu yanayoletwa na kuvuta vumbi la asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ya kuzuia joto) hadi alipolipwa.

Hatua ya 1: Hakikisha unahusika. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ni wa waajiriwa wa Tanzania Bara, wa serikali na wa binafsi. Anayechangia ni mwajiri peke yake, siku hizi asilimia 0.5 ya mishahara. Ukiona slipu yako ina makato ya WCF, uliza haraka, maana hupaswi kukatwa hata senti.

Hatua ya 2: Pima. Eksirei peke yake mara nyingi haitoshi. Omba CT ya kifua na kipimo cha kupuliza pumzi. Wakishuku mesothelioma (saratani ya utando unaozunguka mapafu), watachukua kipande kidogo cha nyama ya mwili wakakipime. Kama umemaliza dawa za TB na kifua bado hakijapona, rudi ukaseme.

Hatua ya 3: Mwambie daktari kazi uliyofanya, sio kazi unayofanya leo. Hapa ndipo sisi tulipoanguka. Kaka aliacha kazi 2017 akarudi Misungwi kulima mahindi. Siku ya kwanza hospitali, karani akamuuliza, "Kazi?" Akajibu, "Mkulima." Nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi na sikusema kitu. Neno hilo likaingia kwenye faili, likanakiliwa kwenye cheti cha CT, likanakiliwa tena kwenye ripoti ya daktari. Tulipopeleka madai tukarudishiwa swali moja: mkulima amepata wapi asbesto? Ilituchukua miezi mitano kurekebisha karatasi ambazo zingeandikwa sawa kwa dakika moja. Kaka alikuwa anabandua kile kitambaa cheupe kilichozungushiwa mabomba ya boila, anakipasua kwa mikono, vumbi linamjaa kwenye nyusi kama unga wa muhogo. Hayo yote daktari hakuyajua.

Kwa hiyo andika nyumbani kabla hujaenda: mwaka gani hadi mwaka gani, karakana ipi, ulishika nini (mabomba ya boila, breki, gasketi, mabati ya asbesto), mlipewa barakoa au la. Hesabu tangu ujana wako. Asbesto haiui leo wala kesho. Mesothelioma huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya kuvuta vumbi. Kabla hujatoka chumbani, soma alichoandika daktari. Kama ripoti inasema "kikohozi sugu" bila kutaja kazi, usiondoke nayo. Mwombe kwa heshima aongeze. Madaktari wengi wataongeza, wanachokosa ni taarifa.

Hatua ya 4: Ushahidi wa ajira. Mkataba, cheti cha utumishi, slipu za zamani, taarifa ya michango ya NSSF.

Hatua ya 5: Mtaarifu mwajiri kwa maandishi. Nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usichelewe: madai yana ukomo wa miezi 12.

Hatua ya 6: Peleka WCF. Ni bure. Anayekuomba "ya kulainisha" ni kishoka.

Kinacholipwa: matibabu, asilimia 70 ya kipato kwa muda usioweza kufanya kazi, usiozidi miezi 24, na ulemavu wa kudumu. Ukipimwa ukakutwa na ulemavu wa asilimia 30 au chini unapewa mkupuo, ukizidi hapo unapata pensheni ya kila mwezi. Chini ya sheria ya zamani fidia ya juu kabisa ya ulemavu wa kudumu ilikuwa shilingi 108,000, kwa hiyo msiache haki hii ipotee.

MASWALI

Jembe la Buhongwa: Mkuu nina kikohozi. Nitapata shilingi ngapi? Nitumie namba ya mtu wa ndani.

Jibu: Hakuna mtu wa ndani. Hujapima. Anza hatua ya 2.

Jembe la Buhongwa: Nimeuliza tu, mbona mkali?

Jibu: Kwa sababu nimewaona watu wawili wakiuza mbuzi kumlipa kishoka. Pima kwanza, kisha urudi, nitakusaidia.

Fundi Breki: Nimevuta sigara miaka 15, na nimepuliza vumbi la breki kwa kompresa gereji. Watasema ni sigara?

Jibu: Kaka, swali zuri. Mesothelioma haitokani na sigara. Saratani ya mapafu inatokana na vyote viwili, na ukivichanganya hatari inapanda sana. Usifiche sigara, ila usiache breki zisiandikwe. Na acha kuvuta leo, ndugu yangu.

Binti wa Kirumba: Baba hajaugua. Mama ndiye mgonjwa, na ndiye aliyekuwa anafua ovaroli zake miaka yote. Ana haki?

Jibu: Pole sana dada. Jambo hilo lipo, vumbi hurudi nyumbani na nguo, na wake wa mafundi wameugua duniani kote. Lakini WCF ni ya mwajiriwa, mama haingii. Njia iliyobaki ni kesi ya madai dhidi ya mwajiri. Kama hamna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawahusu. Mwambie daktari wake habari ya ovaroli, iandikwe.

Mwanasheria Mtarajiwa: Na kampuni za Ulaya zilizotengeneza bidhaa za asbesto? Zinashtakika?

Jibu: Zimeshashtakiwa. Wachimbaji wa asbesto wa Afrika Kusini waliipeleka kampuni ya Kiingereza ya Cape mahakamani Uingereza, na mwaka 2000 Baraza la Malodi (mahakama ya juu kabisa ya kule wakati huo) likaamua kesi isikilizwe kule. Baadaye wakalipwa kwa makubaliano. Walikuwa maelfu na walikuwa na mawakili. Ukilichimba zaidi, tuletee hapa.

Mama Dagaa: Nimenunua mabati ya asbesto ya jengo lililobomolewa, nianikie dagaa. Nayakata kwa grainda ili yaenee.

Jibu: Mama yangu, zima hiyo grainda sasa hivi. Usikate, usitoboe, usifagie vumbi lake kavu. Yalowanishe maji, vipande vilivyovunjika vifunge kwenye nailoni nzito, watoto wasichezee hapo. Ulizia NEMC (baraza la mazingira) Kanda ya Ziwa yanapelekwa wapi. Dagaa anika kwenye chanja ya wavu.

Mama Dagaa: Nimezima. Na nguo nilizokuwa nimevaa?

Jibu: Usizikung'ute. Zivue nje, zitumbukize kwenye beseni la maji, zifue peke yake. Kisha oga, na nywele pia.