Weka Msumeno Chini: Mkorosho Haupogolewi Kipupwe

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa karibu na Mahuta, wilayani Tandahimba. "Mwanangu, njoo uone nilivyolisafisha shamba." Nilipofika, shamba kweli lilikuwa safi. Chini ya kila mkorosho pamefagiliwa, matawi yamepangwa marundo marundo, mwanga umeingia hadi kwenye shina. Nikavuta tawi moja kutoka kwenye rundo, nene kiasi cha mkono wangu, majani bado mabichi. Nikamwomba tuhesabu pamoja ncha zenye majani machanga, yale mekundu. Tulifika 41. Kwenye ncha mbili shada la maua lilikuwa limeshaanza kuchungulia.

Mkorosho hutoa maua kwenye ncha ya chipukizi la msimu huohuo, na ncha hizo ziko pembeni na juu ya mwavuli wa mti, pale jua linapofika. Tuseme kila shada lingeshika korosho 3 tu, hesabu ya mtu mwoga. Mara 41, ni korosho 123. Korosho ghafi zetu huingia kama 200 kwenye kilo, kwa hiyo tawi lile peke yake lilibeba zaidi ya nusu kilo. Mama akatazama marundo mengine, akakaa chini kwenye gogo. Sikuwa na la kumfariji.

Kosa hili nalikuta kila mwaka kuanzia Juni mwanzoni hadi katikati ya Julai, Newala, Masasi, mpaka Mtama na Nachingwea. Sababu zake nazijua. Mahindi na mpunga vimeshaingia ndani, vijana hawana kibarua, njia za mashambani zimekauka. Mwenye shamba akitazama mikorosho yake anaona vurugu ya matawi, na mwenye bomba la kupulizia kamwambia salfa, ule unga wa kuzuia ugonjwa wa kuvu, haipenyi. Anaita msumeno. Na fundi wa msumeno, mara nyingi, halipwi pesa, analipwa kuni. Jamani, mtu anayelipwa kuni atakata tawi kavu la faida gani kwake? Atakata nene, lililonyooka, lenye uhai. Hilo lina mkaa.

Tena siku hizi kuna video za simu. Zinazunguka kwenye makundi ya wakulima: mzungu kavaa koti zito, anakata mitufaha na mizabibu isiyo na jani hata moja, na chini pameandikwa kwamba majira ya baridi ndiyo wakati wa kupogolea. Kwa mti wake ni kweli. Mtufaha wa nchi ya baridi hupukutisha majani yote, ukabaki kama kuni. Chakula chake umeshakificha kwenye mizizi na shina, umelala. Ukiukata hausikii.

Mkorosho haulali. Haupukutishi majani yote kwa pamoja, na baridi yetu hii ya upepo wa kusi, inayowavalisha wazee wa Newala makoti asubuhi, ndiyo inayouamsha. Mvua ikishakata, udongo ukaanza kukauka na usiku ukapoa, mti unasukuma majani mapya, na juu ya majani hayo unasukuma maua. Mwisho wa Mei na Juni ni majani, Juni hadi Agosti ni maua, Septemba korosho zinaanza kudondoka. Kwa hiyo mwezi ambao wewe unaona mti umetulia ndio mwezi ambao mti uko kazini kuliko miezi yote. Kuukata wakati huo ni kumkata mikono mtu aliyeshika jembe.

Hasara ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi, maana haionekani siku hiyo. Mti uliokatwa hujibu. Wiki chache baada ya msumeno, kwenye majeraha na kwenye shina huchomoza machipukizi mapya, marefu, membamba, yamenyooka kama fimbo. Yanatoka mwisho wa Julai na Agosti, ndani ya mwavuli, kwenye kivuli, laini kabisa. Sasa fikirini ubwiriunga, ule ugonjwa wa kuvu unaopaka mti unga mweupe, unataka nini. Unataka jani changa, usiku wa baridi na umande wa asubuhi. Kuvu huyu haishi kwenye kitu kilichokufa. Anahitaji sehemu mbichi na changa ya mti, na wakati wa masika hujificha kwenye machipukizi ya ndani kama hayo akingoja maua. Ukikata Juni umemjengea nyumba ya pili katikati ya msimu wa maua, mita mbili kutoka kwenye shada. Upepo unamalizia kazi. Mbu wa mikorosho (mdudu wa mimea, si mbu wa malaria) naye anafuata ulaini huohuo, anafyonza, na chipukizi linabaki na mabaka meusi na kukauka.

Halafu unanunua salfa kupigana na ugonjwa uliouita mwenyewe. Mti mkubwa unatumia gramu 250 kwa mpulizo mmoja. Ekari yenye miti 28 ni kilo 7. Mipulizo mitano ni kilo 35, yaani mfuko mzima wa kilo 25 na kilo 10 za mfuko wa pili. Zote hizo, sehemu yake inaishia kwenye fimbo zisizozaa.

Sasa tarehe. Naomba muziandike ukutani kwa mkaa kama mnavyoandika namba za simu.

Msumeno unaingia shambani siku unapomaliza kuokota korosho, na unatoka tarehe 31 Machi. Ndani ya muda huo, wiki nzuri kuliko zote ni za kile kianga kifupi kinachokatiza mvua zetu, mara nyingi mwisho wa Januari hadi Februari. Jeraha linapata siku kadhaa za jua likauke, kisha mvua inayobaki inausaidia mti kuziba kidonda na kukomaza matawi kabla ya Mei. Usikate siku ya mvua wala siku gome limelowa. Maji yanabeba vimelea vya blaiti, ugonjwa mwingine wa kuvu, kutoka jani hadi kidonda.

Aprili msumeno unalala. Kuanzia katikati ya Aprili hadi tarehe 15 Mei kuna kazi moja tu: kuondoa machipukizi ya ndani, kwa mkono au mkasi, maana humo ndimo ubwiriunga ulimojificha. Lisilofika unene wa kidole gumba ling'oe kwa kulivuta kuelekea chini, litoke na kitako chake. Ukilikata katikati litarudi yakiwa matatu. Machipukizi yenye unga mweupe usiyaburute shambani kama mkia wa harusi. Yatie kwenye kiroba palepale chini ya mti, ukayachome mbali.

Majani mekundu yakishaonekana pembeni ya mwavuli, hakuna tawi bichi linaloguswa. Kuna mzee ananiambia kila mwaka, "Siku kumi tu, bwana shamba, nilikuwa na msiba." Pole ya msiba nampa. Siku kumi simpi. Mkorosho haujui msiba.

Kuhusu matawi gani ya kuondoa sitapoteza muda, mnayajua: makavu, yenye ugonjwa, yanayosuguana, yanayoingia kwa jirani. Ninachotaka kusema ni kiasi. Usizidishe robo ya mwavuli mbichi kwa mwaka mmoja. Kama mti umesongamana miaka kumi, uufungue kwa misimu mitatu. Anayetaka kuumaliza kwa siku moja anaacha shina uchi, jua linalibabua gome, na mti unaota fimbo kila mahali.

Kati ya mwavuli na mwavuli acha nafasi ya mita 1. Pima kwa kamba, siyo kwa macho, na upime kwenye ncha za matawi, siyo kwenye shina. Kama miti ilipandwa mita 6 kwa 6, yaani miti 112 kwenye ekari, kupogolea hakutakusaidia. Hapo ni kupunguza miti yenyewe, hadi ifike mita 12 kwa 12. Wakati wa kuokota, mti usiozaa ufunge kitambaa. Januari ndio unaoondoka.

Matawi ya chini yainue hadi mita 1 kutoka ardhini, basi. Wapo wanaoyapandisha hadi mita 2 ili wapite wima na kofia kichwani. Huu si mwembe wa uwanja wa shule! Sketi ile ya chini inazaa vizuri ikipata jua, na ndiko salfa inakofika bila shida.

Namna ya kukata: tawi lolote nene kuliko kiwiko cha mkono linakatwa mara tatu. Mkato wa kwanza unatoka chini kwenda juu, sentimita 30 kutoka kwenye shina, ukizama theluthi ya unene. Mkato wa pili unatoka juu, sentimita 5 mbele ya ule wa kwanza upande wa nje, hadi tawi lidondoke. Hapo gome haliwezi kuchanika kushuka hadi kwenye shina. Mkato wa tatu unaondoa kile kisiki kilichobaki, na unapita nje kidogo tu ya ule uvimbe unaozunguka pale tawi linapoungana na shina. Uvimbe huo usiuguse, maana ndiyo sehemu inayoziba kidonda. Wala usiache kisiki cha kutundikia shati. Kisiki kinaoza, na mdudu anayetoboa shina anapata mlango. Ukiona gundi imechanganyika na unga wa mbao unatoka kwenye tundu, ujue ameshahamia.

Panga iache nyumbani. Panga halikati tawi nene, linalichana. Nimeshaona mashina yenye makovu ya panga ya miaka minane, na kila kovu lina tundu lake.

Kidonda kinachozidi sentimita 5 kwa upana kipake siku hiyohiyo dawa ya ukungu yenye shaba, iliyokorogwa nzito kama uji wa mgonjwa. Msumeno ukitoka kwenye mti mgonjwa ufute kwa jiki, sehemu moja ya jiki na tisa za maji, kabla ya kugusa mti mwingine. Na viota vya majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, mviache. Najua wanauma, na najua fundi atawaomba muwachome kwanza. Wanawinda mbu wa mikorosho bila mshahara.

Katika kipupwe hiki ruhusa ni mbili tu. Tawi lililokufa kabisa unaweza kuliondoa, lakini likwangue gome kwa ukucha kwanza: ukiona kijani, liache. Na kwenye miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mti bora, chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo liondoe siku unapoliona, likiwa dogo, mwezi wowote, la sivyo litamla mwenzake wa juu na utabaki na mkorosho wa kienyeji uliolipia bei ya mche bora.

Kwa aliyekwisha kukata mwezi huu, kama mama yetu wa Mahuta, asiendelee hata na mti mmoja uliobaki. Asiweke mbolea ya kukuzia, itaongeza fimbo. Kila baada ya siku 14 apite ndani ya mwavuli na kung'oa machipukizi yanayotoka kwenye majeraha, siku moja kabla ya salfa, siyo baada. Salfa yenyewe aipulize alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka, akielekeza bomba kwenye ncha zilizosalia. Marundo ya matawi ayatoe shambani kabla ya Agosti. Majani yakikauka, njiti moja ya mwindaji wa panya inatosha kuunguza kilichobaki.

Ukifanya kwa wakati wake, Juni utaona majani mekundu yamezunguka mti mzima hadi chini.

Fundi wa msumeno mwite Desemba, maana Januari akishaanza kuzunguka humpati. Mlipe pesa kwa kila mti, mkubaliane mbele ya mtu wa tatu, na kuni zote zibaki kwako. Matawi ya kukata yawekee alama ya chokaa wewe mwenyewe siku moja kabla, ukiwa umesimama chini ya mti saa sita mchana. Lisilo na chokaa halikatwi.