Soma namba za HP 3478A kabla betri haijafa

Ndani ya mita ya mezani ya HP 3478A kuna betri ndogo ya lithiamu ya volti 3, imechomewa kwenye bodi. Ndiyo inayoshikilia namba za usawazishaji, yaani zile ambazo mita hutumia kusahihisha vipimo vyake. Ikifa, mita inawaka kama kawaida lakini vipimo vyake haviaminiki tena. Mimi ilinifika baada ya masika moja hapa Unguja, na iliniuma, kwa sababu namba zile zingeweza kusomwa mapema kupitia tundu la HP-IB lililo nyuma, la kuunganishia vyombo vya kupimia na kompyuta, ambalo tangu 1975 ni kiwango cha IEEE 488.

Hatua ya 1: vifaa. Tafuta Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu) na plagi ya pini 24 ya kuingia kwenye tundu hilo. Ukienda kwenye vyuma chakavu utakuta plagi za printa za zamani zinazofanana nayo sana, lakini zile zina pini 36, hazifai. Tundu la mita lisugue kwa mswaki na spiriti; hewa yetu ya chumvi huacha utando wa kijani usiouona mpaka umulike tochi.

Hatua ya 2: kuchomea. Pini 1–4 na 13–16 ni data. Zilizobaki ni nyaya za udhibiti: DAV ni 6, NRFD ni 7, NDAC ni 8. EOI ni 5, IFC 9, SRQ 10, ATN 11, REN 17. Pini 18–24 ni ardhi, ziunganishe zote. Upande wa Arduino fuata mpangilio, kwa bodi yako, wa AR488, programu inayopakiwa kwenye Arduino ili iwe daraja kati ya kompyuta na HP-IB.

Kabla ya kuunganisha Arduino, chomeka plagi, washa mita, kisha pima kila waya wa data dhidi ya ardhi. Unatakiwa kuona zaidi kidogo ya volti 3. Ukikuta sifuri, kuna tone la risasi limegusanisha pini mbili.

Uno hivi hivi inatosha kwa mita moja. Ukitaka kuunganisha vyombo vingi, weka chipu za SN75160 na SN75161 katikati. Na chomeka USB kwanza, kwani Arduino isiyo na umeme huvuta nyaya zote chini.

Hatua ya 3: jaribio. Kwenye kompyuta fungua mawasiliano na Arduino kwa kasi ya 115200, andika (zenye ++ ni amri za AR488, H1 ni ya mita):

++auto 0
++addr 23
H1
++read

23 ndiyo anwani ya kiwandani. Ikirudi namba ya volti, umefika.

Hatua ya 4: kusoma kumbukumbu. Andika ++eos 3 ili AR488 isiongeze chochote mwishoni. Kisha kwa programu fupi ya Python tuma herufi W ikifuatiwa na baiti ya anwani ya kumbukumbu, kuanzia 0 hadi 255, na ++read kila mara. Hapa ndipo wengi hukwama: baiti 10, 13, 27 na 43 lazima zitanguliwe na baiti 27, la sivyo AR488 itazichukua kama amri zake.

Kila jibu ni herufi moja kati ya @ na O. Ukiona nyingine, rudia. Umeme ukikatika anza upya, kusoma hakuharibu kitu. Ila swichi ya CAL ENABLE, inayoruhusu namba hizo kubadilishwa, usiiguse.

Soma mara mbili, linganisha mafaili, yape jina la namba ya mita, weka nakala nje ya kompyuta hiyo. Sasa pasha moto chuma chako cha kuchomea, utoe betri.