Fizikia ya kuzamia ziwani, hatua kwa hatua, na jerikeni mkononi

Mimi nazamia Ziwa Victoria upande wa Jinja, Uganda, kwenye ghuba ya Napoleon Gulf, kazi yangu kubwa ni kukagua kamba na nanga za vizimba vya samaki. Kila mara naletewa kijana aliyesomea kozi Mombasa au Zanzibar, anajua vizuri tu, lakini hesabu zote alizo nazo kichwani ni za bahari. Ziwa letu liko juu, kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, afu maji yake hayana chumvi, na hayo mambo mawili yanabadilisha karibu kila namba aliyofundishwa. Sasa nawaandikia vile ninavyowafundisha, kuanzia ufukweni.

HATUA YA 1: Anza na presha ya juu ya maji

Baharini hewa inakukandamiza kwa presha ya bar 1 hivi (bar ni kipimo cha presha, 1.01 ukitaka kamili). Hapa kwetu ni 0.88. Maji yenyewe ya ziwa, kila ukishuka mita 10, yanaongeza 0.98, ya bahari yanaongeza 1 na kidogo. Kwa hiyo mita 10 za ziwa ni 0.88 + 0.98 = 1.86, mita 20 ni 2.84. Andika hizo namba kwenye kipande cha karatasi uziweke mfukoni, tutazitumia mpaka mwisho.

Cha kushangaza watu ni hiki: presha ya hapa chini ni ndogo kuliko ya bahari, lakini ukitoka chini mpaka juu inapungua mara NYINGI zaidi. Baharini ukitoka mita 10 mpaka juu presha inapungua mara 2. Hapa inapungua mara 2.1. Na hewa iliyo mwilini inavimba au kusinyaa kwa kufuata presha imebadilika mara ngapi, sio ni ngapi.

HATUA YA 2: Zamisha jerikeni

Usiniamini kwa maneno, chukua jerikeni ndogo ya lita 5, ile ya mafuta ya kupikia, igeuze mdomo uangalie chini bila kifuniko, ifungie mawe ya kilo 10 uishushe na kamba huku unaifuata. Angalia maji yanavyopanda ndani. Ukifika mita 10 hewa imebaki lita 2.4 hivi, chini ya nusu, na hakuna hata povu moja lililotoka. Pandisha, hewa inajaa tena lita 5. Hiyo ndo sheria ya Boyle, ya mwaka 1662, presha ikipanda hewa inasinyaa, presha ikishuka inavimba.

Mimi hiyo sheria iliniingia vizuri siku tuliyoitwa kutoa injini ya boti, hospawa 40, ilianguka mita 12. Tuliifunga jerikeni nne za lita 20 nikaanza kuzijaza hewa na regyuleta ya akiba (kile kifaa cha mdomoni kinachotoa hewa ya mtungi) kidogo kidogo. Haikusogea, tope lilikua limeinyonya, nikaongeza, nikaongeza tena, na kosa langu kubwa nilikua nimejizungushia kamba kwenye kiganja. Tope lilipoachia injini iliruka. Jerikeni hazikua zimejaa, kwa hiyo kila mita iliyopanda hewa ikavimba na nguvu ya kuinua ikaongezeka, ilinivuta kama mita mbili kabla sijaitoa kamba mkononi. Ilifika juu, ikagonga chini ya boti, jerikeni zikapinduka zikamwaga hewa na injini ikarudi chini ikapita pembeni yangu, nikaisikia kabla sijaiona. Toka siku hiyo kamba naishika kwa vidole tu, na mzigo ukishikwa na tope tunautikisa kwanza kutoka pembeni, hatuongezi hewa tu.

Sasa fikiria hiyo jerikeni ni mapafu yako, na kifuniko ni koo lako. Ukibana pumzi wakati unapanda, hewa inavimba haina pa kutokea, inapasua mapafu. Na mahali pa hatari zaidi sio kule chini! Kutoka mita 20 mpaka 10 hewa inavimba mara 1.5 tu, kutoka 10 mpaka juu mara 2.1. Zile mita za mwisho ambazo mtu anaona ameshafika, ndo zenyewe. Hata ukiwa mita 2 tu na mtungi mgongoni usibane pumzi, pumua muda wote, na regyuleta ikitoka mdomoni toa povu dogo dogo mpaka uirudishe.

Masikio ni hivo hivo, ila upande wa kushuka. Ziba pua puliza polepole kuanzia nusu mita, kabla hayajauma. Yakigoma panda kidogo ujaribu tena, na ukiwa na mafua baki kwenye boti.

HATUA YA 3: Punguza risasi (yale madini mazito ya mkanda yanayokuzamisha)

Archimedes alisema maji yanakuinua kwa uzito wa maji uliyoyasukuma. Maji ya bahari ni mazito, lita 100 ni kilo 102.5, ya ziwa kilo 100. Kwa hiyo wewe na vyombo vyako vyote mkichukua nafasi ya lita 100, mkanda wa bahari umezidi kilo 2 na nusu hapa. Mtu aliyezidiwa risasi anajaza jaketi lake la kuelea hewa nyingi ili asizame, na hiyo hewa inavimba akipanda, tumerudi kwenye jerikeni. Jipime na mtungi ulobaki bar 50, jaketi tupu, pumzi ya kawaida: maji yakufike usawa wa macho, ukitoa pumzi uzame taratibu.

HATUA YA 4: Hesabu hewa kabla hujaruka

Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una lita 2,400. Acha bar 50 za akiba, unabaki na 1,800. Tuseme kifua chako kinavuta lita 20 kwa dakika, zidisha na presha ya kule unakoenda. Mita 10: 20 × 1.86 = 37, una dakika 48. Mita 20: 57, una dakika 31. Ukifanya kazi ya kuvuta kamba pumzi inapanda sana, mimi nakata theluthi nzima.

HATUA YA 5: Naitrojeni, na basi la usiku

Soda ikiwa imefungwa huoni mapovu, ukifungua presha inashuka mapovu yanatoka. Ni sheria ya Henry, na damu yako ni hiyo soda. Chini unavuta naitrojeni, gesi iliyo nyingi zaidi kwenye hewa, inayeyuka mwilini, ukipanda haraka inatoka kama mapovu kwenye viungo, uti wa mgongo, hata ubongo. Meza za bahari, yale majedwali ya muda wa kukaa chini, hapa zinadanganya: mita 18 za ziwa zihesabu kama mita 20, 15 kama 17. Kompyuta ya kuzamia ya mkononi iweke kwenye mpangilio wa maji yasiyo na chumvi na hakikisha imesoma mwinuko. Panda polepole, mita 9 kwa dakika au chini ya hapo, simama mita 5 kwa dakika 3.

Kitu kinachoniuma ni hiki. Mtu anazamia Mombasa asubuhi, anajua kabisa asipande ndege mpaka masaa 18 yapite, basi anapanda basi la Kampala jioni anaona amefanya salama. Lile basi likipitia Eldoret linapita Timboroa, zaidi ya mita 2,600 juu! Ndani ya ndege presha huwa ni ya mita 2,400 au chini, manake basi limempandisha kuliko ndege. Subiri masaa yale yale. Na ukizamia Jinja usiendeshe gari siku hiyo hiyo kwenda Kabale, kule milimani. Ukitoka pwani kuja kuzamia hapa, lala kwanza siku moja, mwili bado unatoa naitrojeni ya kule chini.

HATUA YA 6: Macho na masikio

Vitu vinaonekana vikubwa na karibu kwa sababu mwanga unapinda kwenye kioo cha maski, ingawa kwenye ukijani wa maji yetu mara nyingi utashukuru kuona mkono wako tu. Sauti ndo muhimu. Kwenye maji inakwenda mara 4 ya kwenye hewa, inafika masikio yote mawili karibu pamoja, kwa hiyo injini ya mvuvi utaisikia lakini hutajua iko upande gani. Ukiisikia simama pale mita 5, shika kamba ya boya, subiri ipite inyamaze kabisa, ndo upande ukifuata kamba hiyo hiyo, mkono mmoja juu ya kichwa.