Mapambo ya Mti wa Krismasi kwa Unga, Chumvi na Vipande vya Kitenge

Kabla ya kukanda unga au kushika mkasi, uangalie kwanza mti wenyewe. Huku Pwani wengi wetu hupamba tawi la mvinje, na vijiti vyake ni vyembamba mno kiasi kwamba pambo lenye uzito wa yai huvilaza chini. Wanaoishi kwenye nyanda za baridi hupata msaiprasi, ambao matawi yake hubeba zaidi. Mwenye mvinje atengeneze mapambo mengi ya kitambaa na machache ya unga, na mwenye msaiprasi anaweza kugeuza hesabu hiyo bila shida.

Kwa mapambo ya unga, pima vikombe 2 vya unga wa ngano wa kawaida, kikombe 1 cha chumvi laini na robo tatu ya kikombe ya maji ya uvuguvugu. Unga uliokwisha kutiwa beking pauda haufai, kwa sababu utaumuka na kuharibu umbo. Kama una chumvi ya mawe, itwange na kuichekecha kwanza, maana punje zake huacha mashimo usoni mwa pambo. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikanda kwa muda wa dakika 10. Donge linalofaa ni gumu kuliko la chapati: ukilibonyeza kwa kidole, alama inabaki, lakini kidole kinatoka kikavu.

Sukuma donge hadi libaki na unene wa nusu sentimita, kisha ukate miduara kwa mdomo wa glasi, na nyota kwa kufuata kielelezo ulichokichora kwenye kipande cha boksi. Tundu la uzi litobolewe sasa hivi, kwa mrija wa soda, sentimita moja kutoka ukingoni. Likisogea karibu zaidi na ukingo, pambo litakatika hapo hapo. Mimi hupenda kupachika karafuu kavu chache katikati ya nyota, vichwa vikiwa juu, na kuzizamisha hadi shingoni. Harufu yake hukaa sebuleni siku nyingi, na kwa sisi tuliokulia karibu na Pemba na Unguja, hakuna pambo la dukani linaloweza kuchukua nafasi yake.

Kazi kubwa ni kukausha. Mwenye oveni aiweke kwenye nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa 2 hadi 3, na ayageuze mapambo katikati ya muda huo. Asiye na oveni atumie sufuria nzito yenye mchanga mkavu chini, juu ya makaa machache, kama anavyooka keki, ila kwa moto mdogo zaidi, kwa kuwa moto mkali huleta malengelenge na kukunja ncha za nyota. Jua pia linatosha, ingawa huchukua siku kadhaa: yapange juu ya wavu badala ya sinia ili hewa ipite chini, na uyaingize ndani kabla ya magharibi, kwa maana chumvi huvuta unyevu wa usiku. Pambo lililokauka hulia kama kigae ukiligonga mezani, na upande wake wa chini huwa na rangi moja kutoka ukingoni hadi katikati. Mwaka wangu wa kwanza sikusubiri. Nilipaka rangi wakati katikati bado kuna unyevu, na baada ya wiki moja rangi ilivimba, nyota mbili zikakatika kwenye tundu na kuanguka, nilipoziokota zikiwa laini kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

Baada ya rangi, paka vanishi mara mbili, mbele, nyuma na ndani ya tundu. Usiruke hatua hii, hasa kama unaishi karibu na bahari. Watoto wadogo na mbwa wasiachwe karibu na mapambo haya, kwani chumvi iliyomo ni nyingi na inaweza kumdhuru mbwa vibaya akiyala.

Mipira ya kitambaa haina masharti mengi. Mwombe fundi cherehani akuwekee mabaki ya vitenge, halafu finyanga gazeti kuukuu hadi lifikie ukubwa wa ndimu na ulifunge kwa uzi pande zote. Ni ufundi ule ule wa watoto wanaosuka mpira wa chandimu. Kata vitambaa kwa mshazari, vipande vya upana wa sentimita 2, ili vinyumbulike na kulala vizuri kwenye mviringo, kisha uvizungushe ukigeuza mpira kidogo kila mzunguko, na ushone ncha ya mwisho kwa mishono midogo iliyofichwa. Chagua kitenge chenye maua madogo, kwa sababu maua makubwa hupotea yakikatwa. Ukiwa na kanga iliyochakaa, kata ule ukanda wenye jina lake na uuzungushe mwisho kabisa. Mpira wa ukubwa huo una mzunguko wa sentimita 15 hivi, kwa hiyo jina zima halitaenea, nawe utachagua maneno mawili yanayostahili kusomwa.

Tungika kila pambo kwa uzi wa mkonge uliofungwa kitanzi cha sentimita 8. Anza na ya unga, ukiyaweka karibu na shina, kisha ya kitambaa kuelekea nchani, na kila unapoachia pambo subiri kidogo uone tawi limeinama kiasi gani. Mti wenye mapambo ya kitambaa na uzi usiwashiwe mishumaa hata mmoja. Sikukuu zikiisha, yafunge ya unga mojamoja kwa karatasi na uyahifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu.