Maji yaliwahi kufika wapi? Jinsi ya kuandika historia ya majanga ya mji mdogo kama Bagamoyo

Ndugu yangu kanunua kiwanja huku kwetu Bagamoyo, kanunua mwezi wa tisa ardhi imekauka kau, dalali anaapa hapa hapajawahi kuingia maji hata siku moja. Masika ilipofika tunavua viatu kwenda kumsalimia. Kilichoniuma mimi sio maji, ni kwamba nyumba ya tatu tu kuna bibi alikuwa anajua kila kitu, mkondo ulipita wapi, uliondoka na nini, hakuna aliyemuuliza. Ndo nikaanza kuandika. Hivi ndivyo ninavyofanya, na wewe wa Pangani au Kilwa unaweza ukafanya hivihivi, unahitaji daftari, simu ya kurekodi, futi ya fundi na muda wa kukaa barazani.

Kwanza usianze na mwaka. Ukimuuliza mzee "babu yale mafuriko yalikuwa mwaka gani" atakutajia mwaka wowote ule asikuvunje moyo, na wewe utaandika kama kweli. Toa shikamoo yako, omba ruhusa ya kurekodi, kisha uliza alikuwa anafanya nini siku ile. Bibi ulikuwa umeshaolewa? Mtoto gani alikuwa mgongoni? Ukishajua ni mtoto gani, nenda kwa huyo mtoto (sasa hivi ana wajukuu) mwambie akuonyeshe cheti chake cha kuzaliwa au cha ubatizo, mwaka umeupata. Vigingi vingine ni vile vya nchi nzima: Uhuru 1961, Operesheni Vijiji 1974, vita vya Kagera 1978 na 1979, msako wa wahujumu uchumi 1983, Mwinyi kuingia 1985. Mtu hakumbuki namba lakini anakumbuka kama alikuwa anapanga foleni ya sabuni.

Mfungo nao unasaidia sana huku pwani. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo mtu akikwambia "tulikuwa tumefunga, futari tunakula juu ya kitanda maji yapo chini" na mvua zenyewe ni zile za El Nino, basi hiyo ni Januari 1998, maana mwaka ule mfungo uliangukia mwezi huo. Sijui kama kuna saa nzuri kuliko hiyo.

Halafu uliza ni masika au vuli. Wengi tunadhani mafuriko ni ya masika tu lakini mvua za mwaka wa Uhuru zilikuwa vuli, El Nino ya 1997 ilianza vuli, zile za 2019 zilizoleta maafa Tanga, Handeni na Korogwe huko, vuli pia. Miaka yote hiyo mitatu bahari ya upande wetu ilikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mawingu yakaja kwetu. Kwa hiyo mzee akisisitiza kwamba haikuwa masika usimsahihishe, andika.

Bahari ina maswali yake. Mtu akisema maji yalipanda mpaka kwenye mitumbwi iliyopandishwa nchi kavu, muulize mwezi ulikuwaje. Kama ulikuwa mpevu au ndo unaandama, inawezekana ni bamvua tu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, imekutana na upepo wa kusi. Ila akikwambia maji yaliingia na kutoka, yakaingia tena na kutoka, ndani ya muda mfupi, hapo kaa vizuri, bamvua haifanyi hivyo, yenyewe inachukua kama saa sita kujaa na sita kupwa. Hiyo ni tsunami ya Jumapili 26 Desemba 2004, ilifika mpaka kwetu na Dar es Salaam kuna watu walikufa wakiogelea. Na siku ile mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo usimalize kesi kwa kuangalia mwezi peke yake.

Kupima sasa. Mzee akisema maji yalifika kiunoni, usiandike "kiunoni". Mwambie akuonyeshe ukutani, pima kwa futi, piga picha. Lakini pima kutoka wapi? Barabara zetu zimepandishwa kifusi mara ngapi sijui, ukipima kutoka barabarani unajidanganya. Tafuta kizingiti cha nyumba ya zamani, kule Mtaa wa India zipo nyingi za mawe, ngazi zake hazijahama. Ufukwe hivyohivyo, pima kutoka kona ya jengo la zamani la forodha mpaka maji kupwa yanapoishia, rudia kila mwaka bamvua ileile. Pangani wao wana kisiwa cha Maziwe, kilikuwa na miti kabisa, sasa hivi ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka. Laiti angekuwepo mtu wa kupima kila mwaka.

Karatasi ziache mwisho, ukianza nazo utaenda kwa wazee na majibu mkononi. Kwa hapa pa kuanzia ni makumbusho ya misheni ya Katoliki: mapadre walifika 1868, na tufani ya Aprili 1872 ikawaangushia majengo. Hiyo ndo iliyofyeka mikarafuu ya Unguja huku Pemba ikinusurika kwa sehemu kubwa. Ukimaliza hapo nenda Nyaraka za Taifa Dar, na takwimu za mvua waombe Mamlaka ya Hali ya Hewa. Matetemeko ni kazi nyepesi, lile la usiku wa 12 Agosti 2020 kila mtu ana meseji zake WhatsApp zenye saa na dakika, omba skrinshoti.

Kwenye daftari weka alama tatu: aliona mwenyewe, alisimuliwa, ipo kwenye karatasi. Zikigongana usichague, andika zote.

Ukimaliza rudi ukamsomee aliyekusimulia. Mimi nilirudi kwa yule bibi, nikasoma kurasa mbili najiona bingwa, akanikatiza: "Hapo umeongopa mwanangu, mbuzi walioondoka na maji hawakuwa wangu, walikuwa wa wifi yangu, na mmoja alirudi."