Kabla hujaegesha kituo cha mapumziko Uingereza

Anza na anwani. Kama ulihama nyumba na hukuwaarifu DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, barua ya dai la maegesho itakwenda kwenye mlango wa zamani, na hukumu inaweza kutolewa bila wewe kujua. Hukumu hiyo isipolipwa ndani ya mwezi mmoja hukaa kwenye kumbukumbu zako za mikopo miaka 6. Wageni tunaohama chumba hadi chumba ndio tunaoumia zaidi hapa.

Barabarani, tuseme M1 kutoka London kwenda Leicester, vituo vya mapumziko hutakiwa kutoa maegesho ya bure kwa muda wa saa 2. Kamera huhesabu tangu gari linapoingia hadi linapotoka, si tangu ulipozima injini. Ukishuka tu, piga picha bango la masharti na uweke kengele ya simu. Ukizidiwa na usingizi, tafadhali lala. Usishike usukani ukisinzia kwa kuogopa kamera. Lipia muda wa ziada, na hakiki namba ya gari herufi kwa herufi.

Risiti za siku nzima zitunze. Hutokea gari likapita kituo kilekile asubuhi na jioni, kamera ikakosa kulinasa lilipotoka mara ya kwanza, ikaonekana kana kwamba halikuondoka. Risiti ya mafuta ya mji mwingine, mchana huo, humaliza ubishi.

Barua ikija, tazama nani kaiandika. Ya kampuni binafsi si faini ya serikali, ni dai la mkataba. Kwa kawaida haizidi pauni 100, na hupunguzwa ukilipa ndani ya siku 14. Lakini usiitupe: mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikubali dai la pauni 85 kuwa halali. Soma tarehe kwanza. Kwa sheria ya 2012 ya England na Wales, kama hukubandikiwa notisi kwenye gari, kampuni inayotaka kumdai mwenye gari badala ya dereva lazima imfikishie barua ndani ya siku 14 tangu gari lilipoegeshwa. Ikichelewa, anza na hoja hiyo kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi. Wakikataa, kata rufaa kwa POPLA au IAS, wasikilizaji wa rufaa za maegesho, kutegemea kampuni ni mwanachama wa chama kipi cha maegesho. POPLA haimtozi dereva chochote.