Kabla ya Kupanda Nyanya Kwenye Kitalu Nyumba: Maandalizi ya Kuzuia Kuoza kwa Mizizi na Shina

Mche wa nyanya ulioanza kuoza shina ndani ya kitalu nyumba hauponi. Dawa itakayomwagwa siku hiyo yaweza kuikinga miche jirani, lakini ule uliokwisha kulala ni wa kung'olewa, na mara nyingi dalili zinapoonekana juu, mizizi ya miche mingine ambayo bado imesimama imekwisha kushambuliwa chini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kupambana na ugonjwa huu hufanyika kabla mche haujaingia shimoni, na mkulima aliyetumia fedha nyingi kununua nailoni, mabomba na mbegu chotara hana sababu ya kuiachia bahati kazi hiyo.

La kwanza ni kuwafahamu wasababishi, kwa kuwa hawazuiliwi kwa njia moja. Pythium na Phytophthora hufanana na kuvu, lakini ni viumbe wanaotegemea maji: hutoa vijimbegu vyenye mikia, ambavyo huogelea katika udongo uliojaa maji hadi kuufikia mzizi. Rhizoctonia na Fusarium ni kuvu halisi, nao wanaweza kushambulia hata pasipo maji kutuama. Ukiutilia shaka mche, ung'oe taratibu, suuza mizizi, kisha vuta mzizi mwembamba kwa vidole viwili. Mzizi wenye afya ni mweupe na imara, ilhali ule uliooza kwa Pythium ni wa kahawia na ganda lake huvuka kama soksi, likiacha uzi mwembamba wa katikati. Rhizoctonia huonekana zaidi kwenye shina, usawa wa udongo, kwa kidonda cha kahawia kilichobonyea. Fusarium ya mnyauko hujificha ndani, na ukilipasua shina kwa urefu utaona michirizi ya kahawia chini ya ganda.

Baada ya hapo upimwe udongo kwa jinsi unavyopitisha maji, na hapa ndipo ningemshauri mkulima asiwe na haraka hata kidogo. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha ulijaze tena na kuangalia. Kina cha maji kikipungua chini ya sentimita 2 hivi kwa saa, udongo huo hautafaa kwa nyanya mpaka uinuliwe matuta ya sentimita 20 hadi 30 na kuchimbwa mfereji wa kutolea maji nje ya kitalu. Wapo wanaodhani kwamba nailoni ya juu inatosha kwa kuwa mvua haiingii, wakisahau kwamba maji ya paa yasipopewa njia humwagika pembeni na kupenya chini kwa chini hadi kwenye matuta ya kandokando. Joto nalo huongeza tatizo. Maji yenye nyuzi 20 za Selsiasi hushika takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hushika takribani 7.5, wakati ambapo mizizi yenyewe inahitaji hewa zaidi. Udongo uliolowa chepechepe ndani ya kitalu kilichofungwa mchana wa jua kali huinyima mizizi pumzi, na mzizi uliodhoofika hivyo hushambuliwa kwa urahisi.

Udongo uliowahi kubeba nyanya, hoho, biringanya, viazi mviringo au hata mnavu usihesabiwe kuwa ni mpya, kwa sababu mimea hiyo ni ya familia moja na hurithishana magonjwa mengi. Njia nafuu ya kuusafisha ni kuulowesha, kuufunika kwa nailoni angavu iliyobanwa vizuri pembezoni, na kuuacha ukipigwa na jua kwa wiki 4 hadi 6 katika miezi ya joto. Samadi iwe imeiva kabisa, yaani haitoi joto wala harufu kali. Anayetumia kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, aisuuze hadi chumvi itoke, maana chumvi huunguza ncha za mizizi na kuwafungulia vimelea mlango.

Miche ioteshwe katika trei safi. Trei za zamani zisuguliwe kwanza hadi tope lote litoke, ndipo zilowekwe kwa nusu saa katika sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji na kusuuzwa, kwa kuwa jiki huisha nguvu haraka panapokuwa na udongo. Mbegu zisibanane, na trei zinyanyuliwe juu ya meza, kwani kinyausi, yaani kuoza shina na kulala kwa miche michanga, huanza pale hewa isipopita. Pale ambapo mnyauko umekwisha kuota mizizi, kuna faida kubwa kupanda nyanya iliyobebeshwa juu ya shina la biringanya lenye ukinzani, mbinu ambayo Kituo cha Mboga cha Dunia, chenye ofisi zake Tengeru karibu na Arusha, kimeieneza kwa miaka mingi.

Matone ya umwagiliaji yawekwe mbali kidogo na shina ili shingo ya mche ibaki kavu, na mabomba yajaribiwe mapema, kwani tundu moja linalovuja huweza kuozesha sehemu nzima ya tuta. Mlangoni pawe na beseni la dawa ya kuua vimelea la kukanyagia viatu, linalobadilishwa kila linapochafuka.

Kuhusu dawa, isomwe lebo kabla ya kununua. Metalaksili huzuia Pythium na Phytophthora lakini haiwezi Fusarium wala Rhizoctonia, hivyo anayeimwaga bila kujua anapambana na nani hupoteza fedha. Trichoderma, kuvu rafiki anayeishi kwenye mizizi, huwekwa mapema, wakati wa kuotesha na kupandikiza, kwa sababu uwezo wake ni wa kukinga zaidi kuliko kutibu. Nchini Tanzania, dawa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Mwisho, weka tayari kisu, mifuko ya kubebea miche iliyooza na glasi ya maji safi. Mche wa kwanza ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina na ukining'inize ndani ya glasi. Uzi mweupe kama moshi ukishuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria, na hakuna dawa ya kuvu itakayousaidia. Funga maji ya mstari huo, ng'oa mche pamoja na udongo wa mizizi yake, utoe nje ukiwa ndani ya mfuko, na unawe mikono kabla ya kuugusa unaofuata.